Mnara wa mbwa wa runinga ulivyonitoa jasho

Msomaji wangu mpenzi, je, umewahi kutumwa na mtoto wa miaka mitano? Sizungumzii kutumwa dukani kununua mkate. Nazungumzia kutumwa ukatafute kitu ambacho hukijui, hujawahi kukishika, wala huna hakika kama kipo duniani, ila mtoto anakijua kama anavyoijua sura ya mamake kwa sababu hukiona kila jioni kwenye runinga.

Mimi nilitumwa. Na maadamu nilikuwa nimekwisha kuahidi mbele ya mashahidi, yaani mama watoto na shosho yao aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka mashambani, sikuwa na mlango wa kutorokea. Kitinda mimba wangu alikuwa anakaribia kutimiza miaka mitano na alitaka mnara. Si mnara wowote tu. Ni ule mnara wa mbwa wa Paw Patrol, wenye njia ya kuteleza kutoka juu hadi chini, kioo cha kuchungulia kule kileleni, na magari yanayochomoka king'ora kikilia.

Kama una mtoto nyumbani huhitaji kuelezwa. Kama wewe bado ni mwanafunzi, muulize mdogo wako. Mbwa hao ni waokoaji. Chase ni polisi na mavazi yake ni ya buluu. Marshall ni wa zimamoto na huvaa nyekundu. Skye hurusha helikopta, naye Rubble huendesha tingatinga la manjano. Majina hayo niliyakariri kama nilivyokariri mito ya Kenya nilipokuwa darasa la nne, kwa kurudia rudia na kuogopa kuulizwa.

Nilianzia kwenye duka moja kubwa la vitu vya watoto huko Westlands. Mnara ulikuwapo! Ulikuwa ndani ya boksi kubwa lenye dirisha la plastiki, unang'aa kama jeneza la tajiri. Nikaligeuza boksi polepole ili niione bei bila kuonekana naitafuta. Msomaji, bei hiyo ilikuwa zaidi ya nusu ya kodi ninayolipia nyumba. Nikajitia nasoma maandishi ya nyuma, ambayo yalikuwa ya Kifaransa. Kijana wa duka aliyevalia tai akaniuliza, "Tukufungie, mzee?" Nikamwambia nitarudi na mama watoto aje aangalie rangi. Hadi leo sijarudi.

Kutoka hapo nikashuka katikati ya jiji. Barabara ya Biashara ina vitanda vya watoto, vigari vya kusukumia watoto na blanketi za kila namna, lakini mbwa hakuna. Kamukunji niliambiwa vinauzwa kwa jumla, dazeni au uende zako. Jumamosi nikajitosa Toi, kwenye mitumba ya vitu vya kuchezea. Nilichakura lile lundo kwa saa nzima nikitoka jasho, nikapata mbwa mmoja asiye na gari na gari moja lenye magurudumu matatu. Mama aliyekuwa akiuza alinitazama kwa huruma akasema, "Hata watoto wa Ulaya huvunja, baba."

Mgagaa na upwa, wahenga walisema, hali wali mkavu. Jioni ya mkesha wa sikukuu ya mtoto, nilipokuwa nakimbilia matatu, nikamwona mchuuzi mmoja kando ya barabara ameitandaza bidhaa yake juu ya gunia. Na katikati yake palikuwa na mnara! Alitaka Sh2,500. Nikampa Sh1,200 naye akaupokea upesi mno, jambo ambalo lingenifanya nishuku lau nisingekuwa nimechoka.

Siku ya pili mtoto alifungua boksi mbele ya jamaa wote. Akautoa mnara, akauweka sakafuni, akawapanga mbwa kwa mstari. Akamshika wa kwanza, akamgeuza huku na huku.

"Baba, huyu si Chase."

Nikamwambia ndiye. Akanionyesha kwa kidole kidogo: mbwa alikuwa na kofia ya polisi lakini amevaa nyekundu. Na Marshall hakuwa na madoa hata moja. Na king'ora kilipobonyezwa kilicheza wimbo wa lugha ambayo hakuna aliyeijua pale nyumbani, kisha kikakwama katikati.

Ningependa kukwambia kwamba alilia, kwa kuwa mtoto akilia unajua la kufanya. Hakulia. Alisema, "Asante, baba," jinsi shosho alivyomfunza kushukuru, akaurudisha mnara ndani ya boksi, akaenda kukaa mbele ya runinga. Mimi nikabaki nimeshika kipande cha keki.

Hayo yangekuwa madogo. Siku ya tatu, mtoto wa jirani, wa mwaka mmoja na nusu hivi, aliachwa kwetu kwa muda mfupi huku mamake akianua nguo. Aliutoa ule mnara, akaugonga sakafuni mara mbili, na kifuniko cha betri kikafunguka chenyewe kwani hakikuwa na skrubu. Mama watoto alimkuta ana kitu shavuni. Alimtoa kwa kidole betri moja bapa, ndogo kama kitufe cha koti. Nyingine mbili tulizipata chini ya kochi, na hatukulala kabla ya kuhakikisha kwamba zilikuwa tatu tu.

Naomba nikomee hapa kidogo kwa sababu wazazi wengi hawalijui jambo hili. Betri hizo bapa si kama kifungo au sarafu ambayo mtoto akimeza mnangojea itoke. Ikikwama kwenye umio, yaani ile njia ya chakula, mate huunganisha ncha zake mbili na umeme mdogo huanza kupita. Umeme huo hutengeneza kemikali kali inayochoma nyama ya mwili, na madhara makubwa yanaweza kutokea kwa muda wa saa mbili tu. Hata betri iliyoshindwa kuendesha kichezeo bado inaweza kuchoma. Ukishuku mtoto amemeza, usimtapishe na usingoje kuona kama atalalamika. Mkimbize hospitalini pale pale, useme waziwazi kwamba ni betri.

Kwa hivyo unaponunua, kiangalie kwanza kifuniko cha betri. Kiwe kinafungwa kwa skrubu, si kwa kubanwa kwa kidole. Kichezeo cha kutoka ng'ambo kikiwa kimeingia kwa njia halali huwa kina kibandiko cha KEBS. Na kwa wenye watoto wa chini ya miaka mitatu, chukua ile kasha ya karatasi ya chooni iliyobaki baada ya karatasi kwisha: kitu chochote kinachopenya ndani yake kinaweza kumkaba mtoto.

Basi hasira ilinifanya nianze kuchunguza. Nilitaka kujua ni nani hasa anayenitafutia haya. Nikagundua kwamba kampuni inayotengeneza vipindi vya Paw Patrol, Spin Master ya Canada, ni kampuni ya vitu vya kuchezea! Kipindi kilianza mwaka wa 2013. Kumbe kile nilichodhani ni hadithi ya mbwa, na mnara ukafuata, ni watu wa minara waliokuwa na mbwa tangu mwanzo.

Wala hawakuwa wa kwanza. Wale He-Man waliotingisha misuli, vinyago vyao vilitoka 1982 na katuni ikafuata 1983. Transformers, yale magari yanayogeuka kuwa majitu ya chuma, yalikuwa vitu vya kuchezea vya kampuni ya Takara huko Japani. Hasbro ya Marekani ikayachukua, ikayapa majina, ikayatungia ugomvi, na katuni ikaonyeshwa 1984. Hadithi iliandikwa ili bidhaa iuzwe. Sisemi hadithi hizo ni mbaya. Nasema mzazi anapoketi na mwanawe mbele ya runinga ajue kwamba huenda ameketi mbele ya kaunta.

Hapa pana kichekesho. Kichezeo cha kwanza kabisa kutangazwa kwenye televisheni kilikuwa Mr Potato Head, mwaka wa 1952 huko Marekani. Unajua ndani ya boksi kulikuwa na nini? Macho, pua, masikio, kofia. Kiazi hakikuwemo! Kiazi ulitoa jikoni kwenu. Kile cha plastiki kilianza kuuzwa 1964. Yaani kwa miaka kumi na miwili mtoto alitengeneza kichezeo chake kwa kiazi cha mama mboga wa kwao.

Hayo nilimsimulia jirani yetu mmoja, mzee aliyestaafu ambaye miaka ya tisini alikuwa Uingereza akisomea uhandisi pamoja na familia yake. Nilidhani atanihurumia. Badala yake alicheka hadi akatoa miwani. "Wewe umetafuta wiki moja," akasema. "Sisi tulitafuta Krismasi nzima."

Akaniambia habari za kisiwa cha Tracy, ambazo nilipozifuatilia nilikuta ni kweli tupu, na ndizo zilizonifanya niandike ukurasa huu.

Mwaka wa 1965 televisheni ya Uingereza ilianza kuonyesha mchezo wa vikaragosi ulioitwa Thunderbirds, uliobuniwa na Gerry Anderson na mkewe Sylvia. Ni hadithi ya baba mmoja na wanawe watano, jamii ya Tracy, wanaoishi kwenye kisiwa cha siri katika bahari ya Pasifiki na kuruka kwa vyombo vya ajabu kwenda kuokoa watu. (Ukiona inafanana na ya mbwa, hujakosea. Hadithi za watoto hurithiwa kama nguo.) Raha yenyewe ilikuwa kisiwa. Bwawa la kuogelea linasogea kando na roketi inachomoka chini yake. Minazi inainama nyuma ili ndege kubwa ya kijani kibichi ipite. Roketi nyingine inapaa katikati ya nyumba ya mviringo. Vilitengenezwa vipindi 32 tu.

Mnamo 1991 BBC2 ikaanza kuvirudia, na watoto ambao hawakuwa wamezaliwa mara ya kwanza wakashikwa na wazimu. Kampuni ya Matchbox ikatoa kisiwa cha plastiki. Ilipofika Krismasi ya 1992 kisiwa hicho kilikuwa kimekwisha madukani. Wazazi walizunguka mji hadi mji. Jirani yangu alinieleza jinsi alivyopanga foleni nje ya duka alfajiri penye baridi ya kukata masikio, na mlango ulipofunguliwa, waliokuwa mbele yake walikuwa wamekwisha kuchukua vile vilivyobaki. Mwanawe alikuwa na umri wa miaka sita. Alimpelekea kofia ya sufu.

"Alisema nini?" nikamuuliza.

"Alisema asante."

Tukanyamaza kidogo, sisi wawili.

Ndipo Januari 1993 jambo likatokea. BBC ina kipindi cha watoto kiitwacho Blue Peter, kilichoanza 1958, na desturi yake ni kuwaonyesha watoto jinsi ya kutengeneza vitu kwa takataka za nyumbani. Siku hiyo mtangazaji Anthea Turner alisimama mbele ya kamera akawaonyesha jinsi ya kujitengenezea kisiwa cha Tracy kwa maboksi, vikopo vya maziwa ya mgando, karatasi, gundi na rangi. Basi! Waliandika barua kuomba karatasi ya maelekezo, na maombi yakapita 100,000. BBC ikalazimika kutoa hata kaseti ya video.

Jirani yangu alikuwa miongoni mwa walioomba. Anasema yeye na mwanawe walikaa sakafuni wikendi mbili, na mlima wao ulikataa kukauka kwa sababu ya ile hali ya hewa, hadi wakauweka juu ya kipasha joto cha chumba ukaungua upande mmoja. Wakasema hiyo ni volkano. Mwanawe siku hizi ni mtu mzima mwenye watoto wake, na mzee anasema akipiga simu hajawahi kuitaja ile kofia ya sufu, lakini volkano huitaja.

Sasa sikiliza hili la mwisho, ambalo ndilo lililonipa usingizi. Waliotengeneza Thunderbirds wenyewe walikuwa wakifanya kazi kwenye majengo ya viwanda ya Slough, nje kidogo ya London. Aliyeongoza kazi ya mitambo na milipuko alikuwa Derek Meddings, ambaye baadaye alifanya kazi hiyo hiyo kwenye filamu za James Bond. Hawakujenga kila kitu upya. Walibandika vipande vya vile vigari na ndege za plastiki ambazo watoto hununua na kuunganisha. Na kwenye ukuta wa ile ghala ambamo roketi ya kwanza huegeshwa, ukitazama vizuri, mtambo mmoja wa kutisha uliopakwa rangi ya chuma ni kile chombo cha kukamulia limau, chenye kichwa cha mifereji. Cha jikoni!

Hebu fikiria, msomaji. Watu wengi wanatafuta madukani kisiwa halisi, na kisiwa halisi kina kikamulio cha limau ukutani. Kile cha Matchbox kilichokwisha madukani kilikuwa nakala. Kile cha maboksi alichotengeneza mtoto sebuleni kwao ndicho kilichokuwa karibu zaidi na cha kwenye runinga, kwa sababu vyote viwili vilitengenezwa na watu waliopiga magoti sakafuni wakiwa na gundi vidoleni.

Nami nikakumbuka. Sisi tuliokulia mitaani miaka ya themanini tulijua kuunda gari. Waya ulitolewa kwenye ua wa mtu ambaye hatutamtaja, magurudumu yakakatwa kutoka kwa malapa makuukuu, na mkebe wa Kimbo ukawa tangi la lori la mafuta. Hakuna aliyeuliza kama ni halisi. Lilikuwa linakwenda.

Jumamosi iliyofuata niliomba katoni mbili kwa mwenye duka la mtaani. Nilimwita kitinda mimba nikamwambia tunajenga mnara. Alinitazama kwa shaka, na nilistahili shaka hiyo. Lakini alikubali kuwa msimamizi, maana kati yetu wawili ni yeye aliyejua mnara unafananaje. "Hapana baba, mlango uko huku." "Hapana baba, hii inateleza hivi." Nikakata, nikabandika, nikakosea, nikakaripiwa. Njia ya kuteleza ilikuwa chupa ya plastiki ya maji iliyopasuliwa katikati. Shosho, aliyesema anapita tu kwenda jikoni, aliketi akachanganya ngano na maji ya moto akatupikia gundi, kwani ile niliyonunua ilikuwa imekwisha. Kufikia saa kumi jioni kaka yake wa kidato cha pili, ambaye huwa hatuoni uso wake kwa sababu ya simu, alikuwa amelala kifudifudi akichora madirisha.

Ilibaki swali la mbwa. Wale wa mchuuzi tulikuwa tumewatenga pamoja na mnara wao, betri zikiwa zimetupwa mbali. Mtoto aliwaleta mwenyewe ndani ya sufuria. Marshall alitiwa madoa kwa wino wa kalamu. Lakini yule wa kofia ya polisi na vazi jekundu alimshika mkononi akamtafakari kwa muda mrefu.

"Huyu ni Simba," akasema hatimaye.

"Simba gani?"

"Simba wa shosho. Analinda ng'ombe."

Shosho alicheka hadi akafuta machozi kwa leso. Na tangu siku hiyo, kwenye mnara wetu, yupo mbwa ambaye kampuni ya Canada haimjui, ambaye kazi yake ni kubweka wezi wa mifugo. Ninapoandika haya Simba amekwisha kuokoa ndama watatu, mmoja akiwa kiatu changu.

Mnara unaegemea kushoto. Mvua ikinyesha na dirisha likiwa wazi, upande mmoja hulegea na tunaongeza katoni. Mtoto wa jirani huja kucheza nao, na mamake hutuuliza kwanza kama kuna kitu cha kumeza. Tunamwambia ni ngano tu.

Jumapili iliyopita tulikuwa na samaki. Mama watoto alifungua kabati, akafungua droo, akatazama nyuma ya jiko, kisha akaja sebuleni mkono kiunoni akauliza ni nani aliyechukua kile chombo chake cha kukamulia limau. Mimi nikashika gazeti nikasoma. Kijana wa kidato cha pili akatoka nje. Kitinda mimba hakuinua kichwa kutoka kwa mbwa wake. Alinyoosha tu kidole juu, kileleni pa mnara, mahali pa kile kioo cha kuchungulia.

"Ngoja kidogo, mama," akasema. "Kinatumika."